Safu ya Sababu

Kila mwisho wa muhula Kocha Mfinanga hunipa daftari,
jalada jeusi, mgongo umebanduka,
nami hupiga mistari: Namba. Jina. Tarehe. Sababu.
Safu ya sababu ina upana wa vidole viwili.
Nimefua jezi za chuo hiki, hapa Moshi, miaka tisa,
sijaona sababu inayoenea humo.

Namba saba, Elinami, aliandika mwenyewe: ada.
Herufi tatu. Zikaenea, kweli.
Hakuandika kwamba kahawa ya Kibosho mwaka ule
ilipukutika ingali mbichi, wala kwamba baba yake
alikuja mpaka getini na shati la kanisani
akasimama ng'ambo ya barabara, asivuke.

Namba kumi na mbili, goti. Haya, tuandike goti.
Walimpiga picha, wakaona kitu kimechanika,
akarudi na magongo, na mwezi mzima
akawa anakaa pembeni ya mstari kuwagawia wenzake maji.
Siku moja tukakuta maji yapo, yeye hayupo.
Goti halikumtoa.
Kilichomtoa ni kugawa maji.

Lemayani, mrefu hata mlango wa stoo aliuinamia,
alifuatwa na watu wa chuo kimoja cha Arusha,
gari safi, maneno laini: kitanda,
sahani tatu kwa siku, na viatu vya saizi yake.
Saizi yake! Sisi hapa tulimkatia viatu mbele
vidole vikachungulia kama watoto dirishani.
Wenzake walimwita msaliti. Mimi nilinyamaza.
Aliyekanyaga saruji kwa vidole miaka miwili
hana deni na mtu.

Juni, watalii wakijaa, hupungua bila kuaga.
Mabega yale yale yaliyozuia watu chini ya goli
hubebeshwa mahema kule geti la Machame.
Mlima hulipa taslimu; mpira wa kikapu hulipa makofi.
Wengine hushuka, wakarudi mazoezini na midomo iliyobabuka.
Wengine hushuka tu.

Anaesi wa timu ya wasichana
alileta jezi imekunjwa pembe kwa pembe.
"Mama Nakijwa, andika masomo."
Nikaandika masomo.
Nilikuwa nimeshamwona, jioni baada ya jioni,
akijifanya anafunga kamba za viatu
mpaka kocha msaidizi atoke kwanza, ndipo naye apite.
Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Sikukaribishwa kiti.
Kocha msaidizi bado yupo. Yeye hana safu.
Neno lile, masomo, ni mwandiko wangu.
Hulifungua ukurasa ule kwa haraka, kama anayepita msibani
akiwa na deni.

Lakini jezi husema kabla ya mwenyewe.
Anayecheza kwa moyo, maji ya beseni hugeuka chai,
chumvi hubaki mistari mistari mgongoni,
kwapa lake hulisugua mpaka ukucha uume.
Anayeondoka huanza kuniletea jezi safi.
Amefika mazoezini, amekimbia, ameitika jina,
na kitambaa ni kikavu kama cha dukani.
Wiki mbili baadaye kocha anashangaa.
Mimi sishangai. Mimi nilishamwaga maji yake.

Leo nimeanika kumi na moja.
Namba nne, ya nahodha Mbazi, tangu Jumanne
inanukia sabuni yangu mwenyewe.
Sijamwambia mtu. Nimeifua hivyo hivyo,
nimeikamua maji yasiyo na chumvi,
nikaitundika mwisho wa kamba, upande wa jua.

Atakuja. Atauliza aandike nini.
Nitamwambia aache tupu, kalamu imeisha wino.
Mbele ya namba nne nitajaza mimi: jezi imepotea.
Ni elfu kumi na tano, nitakatwa mwisho wa mwezi.
Aende nayo.
Popote atakapokuwa, pengine atatoka jasho.